Mjomba, nimefeli mtihani wa urubani mara mbili. Nirudie mara ya tatu?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni binti wa miaka 23, naishi na wazazi wangu Gongo la Mboto. Nilimaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na nikafaulu vizuri. Kwa sasa nina kibanda cha uwakala wa kutuma na kutoa pesa karibu na stendi. Tangu nikiwa mdogo ndege zinapita juu ya bati letu zikishuka kutua, na jioni baba alikuwa akinibeba mabegani twende kuziangalia. Sijawahi kutamani kazi nyingine.

Mwaka juzi shirika moja la ndege la nje lilitangaza nafasi za kusomesha marubani wanafunzi. Wao wanalipia sehemu kubwa ya masomo, wewe unalipa kwa kuwafanyia kazi. Nikaomba. Hatua ya kwanza ilikuwa mtihani wa kompyuta unaoufanyia nyumbani. Niliazima laptopu ya jirani, nikawasha bando la simu, nikaanza saa mbili usiku kwa sababu mchana wote niko kibandani. Kulikuwa na hesabu za kichwa, namba za kukariri na kuzirudisha kinyumenyume, picha za dira na ndege zinazogeuka, na mwisho duara unalolifuata kwa kipanya huku ukisikiliza namba masikioni. Katikati umeme ukakatika, nikaendelea na chaji iliyobaki huku moyo unanienda mbio. Baada ya siku tisa wakaniandikia kwamba sikufanikiwa, hawatoi maelezo zaidi, naweza kuomba tena baada ya miezi 12.

Niliomba tena mwaka jana, nikaitwa Nairobi. Nilipanda basi siku moja kabla. Likaharibika njiani, tukafika saa kumi na moja alfajiri. Nikanawa uso kwenye choo cha stendi, saa mbili nikawa kwenye chumba cha mtihani. Safari hii kulikuwa na fimbo ya kuongozea kwa mkono na pedali za miguu. Mkono wa kushoto uligoma kabisa. Tulikuwa kumi na mmoja, mchana wakasoma majina manne ya kuendelea, langu halikuwemo. Nilirudi Dar siku hiyohiyo.

Dirisha linafunguliwa tena Julai, na mambo yamenizidi. Kwanza, fomu inauliza kama umewahi kufanya mtihani wao. Mwaka jana nilijaza "ndiyo, mara moja". Kaka mmoja niliyefahamiana naye kwenye kundi la waombaji anasema kusema ukweli ndiko kulikoniponza, safari hii nijaze "hapana" na nitumie barua pepe mpya. Huyohuyo anauza maswali halisi kwa shilingi 150,000.

Pili, baba mdogo amepata mnunuzi wa kiwanja chetu cha Chanika. Anasema tuache kubembeleza mitihani, nikasome urubani Afrika Kusini kwa kujilipia. Baba anaelekea kukubali. Mama hasemi kitu, ila siku hizi mazungumzo yakianza anakwenda kulala.

Tatu, naanza kuamini sina kipaji. Watu wanasema urubani mtu anazaliwa nao. Naogopa kufeli mara ya tatu, na naogopa zaidi kufeli wakati kiwanja kimeshauzwa.

Nisaidie Mjomba.

Binti wa Gongo la Mboto

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya mwisho nilikuwa na kalamu mkononi. Nilipigia mstari sehemu mbili tu: "nikaanza saa mbili usiku" na "nikanawa uso kwenye choo cha stendi". Kabla hatujafika kwenye kipaji, kiwanja wala yule kaka anayeuza maswali, tuanzie hapo, maana naona wewe mwenyewe umepita juu yake kama jambo dogo.

Mara zote mbili ulifanya mtihani ukiwa umechoka. Mara ya kwanza ulikuwa umeshinda unahesabu pesa za watu. Mara ya pili ulikuwa umekaa kwenye kiti cha basi mchana na usiku. Na uchovu, mwanangu, unaanza kula vitu vilevile ambavyo mtihani huu unavipima: kushika namba kichwani kwa sekunde chache, kugawa akili kwa mambo mawili kwa wakati mmoja, na mkono kufuata jicho bila kuchelewa. Marubani wana desturi ya kujikagua wenyewe kabla ya kuikagua ndege. Wanajiuliza: ninaumwa? Nimekunywa dawa? Nina mawazo? Nimekunywa pombe? Nimechoka? Nimekula? Kwa maswali hayo, asubuhi ile ya Nairobi usingepaswa kurusha hata ndege ndogo ya kwenda Zanzibar. Sisemi kwamba ungefaulu kama ungelala. Nasema matokeo yale yalimpima binti aliyeshuka kwenye basi alfajiri, na huyo ndiye waliyemkataa.

Sasa hilo la kuzaliwa nao. Mitihani ya kuchagua marubani ina zaidi ya miaka mia moja. Ilianza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi yalipoona vijana wengi wanashindwa mafunzo na ndege zinavunjika. Katika Vita vya Pili jeshi la Marekani lilikuwa likimpa kila kijana alama moja, kuanzia 1 hadi 9, baada ya rundo la majaribio ya karatasi na ya mashine. Waliopata 9 wengi wao walimaliza mafunzo, waliopata 1 wengi wao waliondolewa njiani. Kwa hiyo mtihani si uchawi wala si upendeleo. Kuna kitu cha kweli unakiona. Ila angalia unakiona nini. Unakisia kama mtu atamaliza mafunzo ndani ya saa za kurusha alizopangiwa, kwa sababu kila saa ya ziada ni pesa ya shirika. Haukwambii kama wewe ni mtu wa angani au wa ardhini. Na mara nyingi umetengenezwa ili usiumalize: kasi inaongezeka hadi ufike mahali unaposhindwa, halafu unalinganishwa na wenzako walioshindwa mahali pengine. Kwa hiyo kule kuhisi umezidiwa katikati ya mtihani kila mtu anakuhisi, hata wale wanne waliosomwa majina.

Nilifundisha fizikia sekondari kwa miaka 19 kabla ya kuanza kujibu barua hizi. Nina mwanafunzi wangu ambaye leo anarusha Caravan, ndege ndogo ya abiria, kwenda Mafia. Mtihani wa namna hii aliufeli mara moja akaupita wa pili. Darasani hakuwa wa kwanza hata siku moja. Alikuwa mtu wa kurudia jambo hadi limtoke mikononi bila kufikiri.

Nije kwenye swali lenyewe la kurudia. Watafiti wa mitihani ya uwezo wameliangalia kwa miaka mingi, na jibu lao linaeleweka: mtu akirudia, kwa wastani alama zake zinapanda kidogo hata kama hakujifunza kitu, kwa sababu mshangao umeisha. Anajua kinachokuja, hapotezi muda kusoma maelekezo, mapigo ya moyo yametulia. Lakini sehemu kubwa ya faida hiyo inatoka kwenye marudio ya kwanza, na wewe marudio ya kwanza umeshayatumia. Tena uliyatumia kwenye mtihani wenye fimbo na pedali ambao hukuwahi kuuona, kwa hiyo hata hiyo faida hukuipata yote. Ukirudi Julai kama ulivyokuwa, utapata majibu yaleyale. Ninakushauri urudie kwa sharti moja: kuwe na kitu unachoweza kukitaja kwa jina ambacho kimebadilika. Usingizi ni cha kwanza. Mkono wa kushoto ni cha pili.

Lakini kwanza ujue kama mlango uko wazi. Kila mahali pana sheria zake. Ule mtihani wa kituo cha anga cha Ujerumani, DLR, pale Hamburg, uliowachuja wanafunzi wa Lufthansa, unajulikana kwa ukali huo: ukifeli, umefeli, hakuna kusapu. Wengine wanakupa miezi sita ya kusubiri, wengine mwaka au zaidi, wengine wanahesabu mara mbili na kufunga daftari. Hao wa kwako walikwambia kuhusu mara ya pili. Kuhusu ya tatu hujaniambia kama walisema lolote. Waandikie wiki hii, mistari mitatu tu: nimefanya mtihani wenu mara mbili, mwaka juzi na mwaka jana, je, naruhusiwa mara ya tatu, na kuanzia lini, na mnaweza kunieleza ni sehemu gani ilikuwa dhaifu zaidi? Swali la mwisho wanaweza wasilijibu. Uliza hivyohivyo.

Barua hiyo inamaliza pia lile suala la fomu. Ukishawaandikia ukweli, huna cha kuficha Julai. Utajaza "ndiyo, mara mbili". Yule kaka anasema ukweli ndio uliokuponza, lakini ushahidi wako mwenyewe unamkataa: ulijaza "ndiyo", na ukaitwa Nairobi. Na hata kama asingekuwa amekosea, ungefichaje? Wana jina lako, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti. Barua pepe mpya haibadilishi pasipoti. Hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Kazi unayoiomba ni kazi ya kuandika ukweli kila siku. Kila saa unayoruka inaingia kwenye kitabu chako na inasainiwa, kila kosa angani linaripotiwa na mwenye kulifanya ili mwingine asilirudie. Mtu akianza safari hiyo na uongo kwenye ukurasa wa kwanza, uongo huo unamfuata hata miaka kumi baadaye, siku shirika litakapofungua faili lake.

Na hiyo shilingi 150,000 usimpe. Namba kwenye mitihani hii kompyuta inaweza kuzizalisha upya kila anapokaa mtu. Aliyekariri anaona swali linalofanana na la jana, analijibu la jana. Pesa hiyohiyo inakutosha kulala vizuri Nairobi kabla ya mtihani. Hayo ndiyo matumizi yake.

Sasa mazoezi, na hapa ndipo nataka tukae. Mungu amekupa kazi ambayo nusu yake ni mtihani huo, na hujagundua. Wakala anashika namba ya simu, kiasi na chenji huku mteja wa pili anagonga meza na wa tatu anauliza kama mtandao umerudi. Kuanzia kesho, weka kalkuleta pembeni. Hesabu kichwani kwanza, andika pembeni kwenye karatasi, halafu hakikisha kwa kalkuleta kabla pesa haijatoka mkononi. Pesa za watu zisiingie hasara kwa sababu yangu. Mteja akikutajia namba yake, tarakimu nne za mwisho zirudishe kinyumenyume moyoni huku unaendelea na muamala. Wiki ya kwanza utachanganyikiwa. Ongeza hadi tano, hadi sita.

Ukipanda daladala kwenda Kariakoo, fanya hesabu za rubani badala ya hesabu za shule. Zanzibar ni kama maili 40 za baharini kutoka Dar. Ndege ndogo ikienda maili 160 kwa saa, inafika baada ya dakika ngapi? Saa moja imegawanywa kwa nne, ni dakika 15. Ikienda 120 je? Ndege kubwa iko futi 30,000, inahitaji kuanza kushuka ikiwa mbali kiasi gani? Marubani wanachukua maelfu ya futi wanazidisha kwa tatu: 30 mara 3, maili 90. Futi 24,000? Futi 17,000? Njia ya kurukia ya Uwanja wa Julius Nyerere upande mmoja imeandikwa 05, maana yake uelekeo wa nyuzi 50 hivi. Upande wa pili ni 23, yaani 230. Kupata uelekeo wa kinyume bila kuumiza kichwa, jumlisha 200 toa 20. Ikiwa namba imezidi 180, toa 200 jumlisha 20. Jaribu 070. Jaribu 315. Ukifanya hivyo kutoka Gongo la Mboto hadi Kariakoo kwenye foleni ya asubuhi, unashuka umefanya hesabu mia mbili. Na zile picha za dira na ndege zinazogeuka zitaanza kukaa sawa, kwa sababu dira itakuwa imehamia kichwani.

Mkono wa kushoto una dawa yake kwenye banda la gemu. Nenda saa ambazo watoto wako shule, lipia nusu saa, chagua gemu la gari au la ndege, uongoze kwa kidole gumba cha kushoto peke yake. Rafiki akae pembeni akusomee namba, na kila akitaja namba witiri useme "ndiyo" kwa sauti bila kutoka njiani. Ukipata mtu wa kukuazima fimbo halisi ya kuchomeka kwenye kompyuta, bora zaidi. Nusu saa kwa siku inatosha, siku tano kwa wiki. Ukiona umechoka, acha. Kujizoeza ukiwa hoi ni kujizoeza kukosea.

Wiki ya mtihani funga kibanda siku tatu, au mwachie mtu. Kama ni wa nyumbani, uufanye asubuhi, sehemu yenye umeme wa uhakika, laptopu imejaa chaji na bando la akiba lipo. Kama ni wa kusafiri, fika siku mbili kabla. Basi likiharibika, liharibike likiwa na muda wa kutengenezwa.

Kiwanja. Namheshimu baba yako mdogo, kwa sababu anakupenda kwa kitu anachoweza kukigusa. Lakini mpangilio wake umeanza na hatua ya mwisho. Hatua ya kwanza ni afya. Rubani wa biashara anahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Wanaangalia macho pamoja na kutofautisha rangi, masikio, moyo. Kipimo hiki hujakitaja kabisa kwenye barua yako. Mtu anaweza kuuza kiwanja leo, kisha akaambiwa kesho kwamba macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani. Nenda TCAA, omba majina ya madaktari wao, upimwe kabla ya Julai. Ukipita, lipia somo moja la majaribio kwenye ndege ndogo, ukae kiti cha mbele na mwalimu. Saa moja hiyo itakwambia mengi ambayo kompyuta haikukwambia.

Baada ya hapo ndipo shule ya kujilipia izungumzwe, na izungumzwe na tarakimu mezani. Kwa viwango vya kimataifa leseni ya rubani wa biashara inataka saa 200 za kuruka, au 150 kwenye kozi kamili iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ile ya rubani wa mashirika makubwa, inataka saa 1,500. Kati ya 200 na 1,500 ndipo vijana wengi wanapokwama: wana leseni, wana deni, hawana kazi. Hapa kwetu wengi wanalivuka bonde hilo kwenye ndege ndogo za kwenda Zanzibar, Mafia na viwanja vya mbugani, na nafasi hizo hazimsubiri mtu. Sikukatazi njia hiyo. Nataka baba mdogo aniletee bei ya shule kwa maandishi, gharama ya chakula na malazi, nauli, ada za mitihani, na pesa ya kukuweka mwaka mzima baada ya leseni ukitafuta kazi. Kiwanja cha Chanika kikitosha haya yote, kikao kifanyike. Kikitosha nusu tu, utarudi ukiwa na saa 90 na familia haina ardhi.

Na mama yako asiachwe alale. Anayenyamaza kwenye jambo la ardhi mara nyingi ana hoja kuliko wanaopiga kelele. Mfuate jikoni, mkiwa wawili, umuulize anaogopa nini. Usijitetee, msikilize tu.

Umeniuliza pia, bila kuuliza, itakuwaje ukifeli mara ya tatu. Kwa shirika hilo itakuwa mwisho, na nataka umwambie baba hivyo mapema, kabla ya Julai, ili mara ya nne isizaliwe mezani siku ya huzuni. Lakini mtu mwenye PCM kama yako anaitwa na anga kwa milango mingine. TCAA ina chuo chake cha usafiri wa anga hapahapa Dar, kinafundisha waongozaji ndege, kazi inayotaka akili ileile ya kushika mambo matano kwa pamoja. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo wanafundisha matengenezo ya ndege. Nenda uone vyote viwili mwezi huu, ukiwa bado mgombea mwenye matumaini. Mtu akienda kutazama mahali baada ya kushindwa, hapaoni vizuri.

Kwa hiyo wiki hii una kazi mbili: barua pepe ya mistari mitatu, na safari ya TCAA kuulizia daktari. Niandikie ukishapata majibu yao, hata kama ni mabaya. Na mwambie baba mdogo, kwa heshima zote, kwamba Mjomba anaomba hati ya kiwanja irudi kabatini hadi daktari aseme.